Aladin Lite, SIMBAD na NED: mapitio kwa wanaotafuta galaksi hafifu za orodha ya NGC

Huduma hizi tatu ni za bure, hazidai usajili, na yeyote mwenye kivinjari anaweza kuzifungua usiku huu huu. Aladin Lite, ambayo ni atlasi ya picha za anga, na SIMBAD, ambayo ni kanzidata ya majina na vipimo, zinatunzwa na kituo cha CDS mjini Strasbourg, Ufaransa. NED ni kanzidata ya vitu vilivyo nje ya galaksi yetu, na inatunzwa na IPAC, kituo cha data za anga cha chuo cha Caltech, Pasadena, Marekani. Zina matumizi mengi, lakini hapa tumezipima kwa kazi moja tu: kuchukua namba ya NGC (orodha kuu ya galaksi, nebula na makundi ya nyota) au ya IC (nyongeza yake), kurudi kwenye maneno ya aliyeiona galaksi hiyo mara ya kwanza, kuamua ni kipi hasa alichokiona, kisha kutoka na ramani ya kupeleka kwenye darubini.

Kwa kazi hiyo picha zao ni nzuri mno, na miaka arobaini iliyopita hata vituo vikubwa havikuwa na kitu cha namna hii. Ila jina lililoandikwa juu ya picha ni uamuzi wa mtu, na uamuzi huo hukosewa zaidi kwenye galaksi hafifu, pale pale mtazamaji anapouhitaji. Anayezitumia bila kusoma maelezo ya zamani atatazama galaksi isiyo yake na kuiandika kwenye daftari kwa jina la nyingine.

Chanzo cha tabu ni orodha yenyewe. J. L. E. Dreyer aliichapisha NGC mwaka 1888 ikiwa na vitu 7,840, akaongeza sehemu mbili za IC mwaka 1895 na 1908 zenye jumla ya vitu 5,386. Dreyer hakuviona vyote kwa macho yake. Alikusanya kazi za watu wengi waliotumia darubini tofauti na kupima kwa uangalifu tofauti. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kompyuta, jua kwanza namba yako iligunduliwa na nani.

Édouard Stephan wa Marseille, aliyetumia darubini ya kioo ya sentimita 80, alipima nafasi za nebula zake, yaani vitu vyenye sura ya ukungu, kwa kuzilinganisha na nyota zinazojulikana, na mara nyingi ukifika pale alipoandika utaikuta galaksi imekaa. Stéphane Javelle wa Nice, aliyetumia darubini ya lenzi ya sentimita 76, naye ni wa kuaminika, na mchango wake umejaa kwenye IC. Heinrich d'Arrest wa Copenhagen alikuwa na lenzi ya sentimita 28 tu, lakini kazi yake ni safi. William Herschel alikuwa akiacha anga lipite mbele ya darubini yake huku akisoma nafasi, kwa hiyo tofauti ya dakika moja au mbili za tao (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya digrii) kwake ni jambo la kawaida. Mwanawe John, aliyefanya kazi Feldhausen karibu na Cape Town kuanzia 1834 hadi 1838, alifuata njia hiyo hiyo.

Wengine wanahitaji tahadhari. Lewis Swift wa Rochester, New York, alikuwa na jicho kali ajabu, lakini nafasi zake zinaweza kukosea kwa dakika kadhaa za tao, na baadhi kwa zaidi. Kwa bahati nzuri alipenda kutaja nyota za jirani, na mara nyingi nyota hizo ndizo zinazomwokoa. Waangalizi wa Leander McCormick huko Virginia, akiwemo Francis Leavenworth, walikuwa na lenzi kubwa ya sentimita 66 iliyowaonyesha galaksi hafifu kupindukia, lakini kosa la dakika nzima ya RA, yaani nafasi ya mashariki-magharibi angani, kwao si ajabu. Guillaume Bigourdan wa Paris ni kinyume chake: alipima vizuri, lakini vingi alivyoviita nebula ni nyota moja moja hafifu, au hakuna kitu kabisa. Ukikuta namba ya Bigourdan mahali palipo na nyota pekee, usiikimbilie galaksi iliyo dakika tano pembeni. Huenda nyota hiyo ndiyo aliyoiona.

Maelezo ya Dreyer yameandikwa kwa herufi za mkato, na asiyezijua herufi hizo hawezi kuamua lolote. F ni hafifu, vF hafifu sana, eF hafifu kupindukia. B ni yenye kung'aa, na pB ni yenye kung'aa kiasi. S ni ndogo, L kubwa, R ya duara, E iliyorefuka. bM maana yake inang'aa zaidi katikati. Ikitanguliwa na g mng'ao unaongezeka polepole, ikitanguliwa na s unaongezeka ghafla. Kinyota * ni nyota, na D* ni nyota pacha. Herufi p na f zinachanganya wengi: p ni kinachotangulia, yaani kilicho magharibi, na f ni kinachofuata, yaani kilicho mashariki, n na s ni kaskazini na kusini. Kwa hiyo "np" ni kaskazini-magharibi, na "sf" ni kusini-mashariki.

Chukua NGC 1, iliyo katika kundinyota la Farasi au Pegasus. D'Arrest aliiona mwaka 1861. Maelezo yake ni "F, S, R, bet *11 and *14": hafifu, ndogo, ya duara, kati ya nyota ya magnitudi 11 na nyingine ya 14 (magnitudi ni kipimo cha mwangaza, namba kubwa ni hafifu zaidi). NGC 2 ni ya Lawrence Parsons, mwaka 1873, na imeandikwa "vF, S, s of G.C. 1": hafifu sana, ndogo, kusini mwa ile ya kwanza (G.C. ni orodha ya awali ya John Herschel). Maneno hayo machache yanatosha kuziweka zote mbili. Kwenye picha utaona galaksi mbili zilizoachana kwa takriban dakika 1.8 za tao, ya kusini ikiwa hafifu zaidi, na nyota za jirani zipo pale zilipotajwa. Hapa hakuna ubishi, na kwa hiyo ndipo pa kujifunzia kabla ya kwenda kwenye namba zenye mgogoro.

Sasa hesabu. Nafasi zote za NGC zimeandikwa kwa mwaka 1860. Mhimili wa Dunia huyumba polepole, na kutoka 1860 hadi 2000 gridi ya anga imesogea karibu digrii 2 kando ya njia ya Jua. Isitoshe, Dreyer hakutoa deklinesheni, yaani digrii za kaskazini au kusini mwa ikweta ya anga. Alitoa umbali kutoka ncha ya kaskazini, NPD, kwa hiyo toa namba yake kwenye 90 ili kupata deklinesheni. RA, ambayo hupimwa kwa saa, dakika na sekunde kuelekea mashariki, hubadilika kwa mwaka sekunde 3.074 kujumlisha sekunde 1.337 mara sini ya RA mara tanjiti ya deklinesheni. Deklinesheni hubadilika kwa mwaka sekunde 20.05 za tao mara kosini ya RA. Zidisha kwa 140. Tumia nafasi ya katikati ya safari, takriban ya mwaka 1930, la sivyo utakosea kidogo, na karibu na ncha utakosea sana.

Kwa NGC 1 nafasi ya 1860 ni RA 0h 0m 4s na NPD kama 63° 4', yaani deklinesheni +26° 56'. RA inaongezeka sekunde 432, yaani dakika 7 na sekunde 12. Deklinesheni inaongezeka dakika 46.8 za tao. Unafika 0h 7m 16s, +27° 42.8', na galaksi iko hapo hapo. Hesabu hii pia inaeleza kwa nini NGC 1 siyo tena ya kwanza kwa mpangilio wa RA: namba zilipangwa kwa gridi ya 1860, na gridi hiyo imehama.

Baada ya hapo fungua Aladin Lite. Kisanduku cha kutafuta kinapokea jina au majiranukta, na kwa kazi yetu andika majiranukta uliyokokotoa, usiandike jina. Ukiandika NGC pamoja na namba, ombi lako huenda kwenye huduma iitwayo Sesame, ambayo huuliza SIMBAD na wenzake kisha kurudisha nafasi waliyoikubali. Programu nyingi za anga na kurasa nyingi za mtandao hutumia mlango huo huo. Kwa hiyo ukiona programu mbili zimekubaliana kuhusu galaksi fulani, usihesabu mashahidi wawili: huenda ni shahidi mmoja aliyeulizwa mara mbili. Majiranukta ya 1860 uliyoyageuza mwenyewe ni ushahidi usiopitia Strasbourg.

Ukishafika, punguza uwanja wa kuona hadi dakika 30 za tao, kisha 15. Picha inayofunguka mwanzoni ni DSS2 ya rangi, iliyotokana na sahani za picha za kamera za Schmidt za Palomar, Marekani, na Siding Spring, Australia. Badili kwenye orodha ya tabaka uweke DSS2 ya bluu. Mwanga wake uko karibu zaidi na ule ambao jicho huunasa gizani, kwa hiyo uwiano wa mwangaza kati ya galaksi na nyota unakaribia kile alichokiona mtu wa karne ya 19. DSS2 nyekundu huzikuza galaksi za duaradufu kuliko zinavyostahili.

Hatua inayofuata ndiyo inayoifanya Aladin Lite istahili alama kubwa. Kwenye sehemu ya kuongeza katalogi, tafuta VizieR (ghala la katalogi la CDS) namba VII/118, ambayo ni NGC 2000.0 ya mwaka 1988. Ipakie juu ya picha, kisha bofya alama yoyote: safu mojawapo ya jedwali ina maelezo ya Dreyer yenyewe kwa herufi zake za mkato. Hapo hapo, bila kufungua ukurasa mwingine, una picha na maneno ya zamani kwa pamoja. Ila usiamini sana mahali alama ilipokaa. Nafasi za katalogi hiyo zimeandikwa hadi sehemu ya kumi ya dakika ya RA, ambayo kwenye ikweta ya anga ni dakika 1.5 za tao, na hadi dakika nzima ya deklinesheni. Alama inaweza kukaa kando ya galaksi kwa upana wa galaksi yenyewe mara kadhaa, na hilo halina maana yoyote.

Washa tabaka la SIMBAD mwishoni, baada ya kuwa umeshaamua. Ukiliwasha mwanzoni, macho yatafuata alama, na maelezo ya Dreyer utayasoma kwa kutafuta sababu za kuyakubali.

Ikiwa hakuna kitu kwenye nafasi uliyokokotoa, usitangaze kwamba kitu hakipo. Waliotengeneza RNGC, orodha ya NGC iliyorekebishwa ya mwaka 1973, walifanya hivyo mara nyingi: waliangalia picha za Palomar kwenye nafasi ya zamani, hawakuona kitu, wakaandika kwamba hakipo. Mamia ya namba zilipata hukumu hiyo, na nyingi baadaye zilipatikana zikiwa zimekaa pembeni kidogo. Makosa ya zamani yana tabia zake, na ukizijua unajua pa kutafuta. Sogeza RA kwa dakika moja kamili mbele na nyuma, kwani kusoma saa vibaya kwa dakika moja kulitokea mara nyingi. Karibu na ikweta ya anga hiyo ni dakika 15 za tao. Kisha jaribu dakika 10 kamili za RA, digrii moja kamili ya deklinesheni, na dakika 10 za tao. Halafu geuza alama: kama mgunduzi alipima kutoka nyota fulani, huenda aliandika kaskazini badala ya kusini, au aliipima kutoka nyota nyingine inayofanana nayo. Kila utakapopata galaksi, rudi kwenye maelezo. Je, nyota mbili zipo zilipotajwa? Imerefuka upande uliotajwa? Kama Dreyer ameandika "bet 2 st" na galaksi yako haiko kati ya nyota mbili, endelea kutafuta hata kama inang'aa vizuri.

Kuna mtego wa pili ambao picha za kisasa zimeuongeza. DSS na zaidi ya hapo picha za kidijitali huonyesha galaksi ambazo hakuna jicho lililoziona mwaka 1880. Ukisogea huku na huko kwa nusu digrii utakuta galaksi mahali popote, na kishawishi cha kuipa mojawapo namba iliyopotea ni kikubwa. Jiulize kwanza kama mgunduzi aliweza kuiona. Galaksi ya magnitudi 16.5 haiwezi kuwa ya d'Arrest mwenye lenzi ya sentimita 28. Kama pembeni kuna nyingine yenye mwangaza zaidi ambayo hakuitaja, ujue uko mahali pasipo penyewe: mtazamaji haoni hafifu akaikosa inayong'aa iliyo kwenye uwanja huo huo.

Angalia pia kasoro za sahani. Mkwaruzo, tone la kemikali au kivuli cha mwanga karibu na nyota kali vinaweza kufanana kabisa na galaksi ndogo. Geuza kati ya DSS2 ya bluu na nyekundu. Kasoro hutokea kwenye moja tu. Na ikiwa maelezo yanataja nyota iliyogusana na nebula, kumbuka nyota huhama. Nyota inayosogea nusu sekunde ya tao kwa mwaka imeshahama sekunde 70 katika miaka 140, zaidi ya upana wa galaksi nyingi za orodha hii.

Malalamiko yetu kuhusu Aladin Lite ni machache. Toleo la sasa linahitaji kivinjari chenye uwezo wa michoro wa WebGL 2, na kompyuta au simu kuukuu inaweza kukuonyesha skrini nyeusi tupu. Jaribu kivinjari kingine kabla ya kukata tamaa. Kupima umbali kati ya vitu viwili ni rahisi zaidi kwenye Aladin kubwa ya kompyuta kuliko kwenye hii ndogo. Kwa upande wa bando, inapakua vigae vya eneo unalolitazama tu, kwa hiyo kazi ya galaksi moja haigharimu sana. Kinachokula bando ni kuzunguka anga zima na kubadilisha tabaka ovyo. Picha ya uwanja unaweza kuihifadhi kabla ya kwenda porini kusiko na mtandao.

SIMBAD ilianza kama kanzidata ya nyota, na tabia hiyo bado inaonekana. Inakusanya vitu vilivyotajwa kwenye machapisho, kwa hiyo majina mengi ya kitu kimoja yamewekwa pamoja vizuri, pamoja na orodha ya makala. Kipimo kizuri ni NGC 3497 katika kundinyota la Batiya au Crater. Galaksi hiyo moja ina namba nne: NGC 3497, NGC 3525, NGC 3528 na IC 2624, kwa sababu waliofuata hawakutambua kwamba ilishaonekana. Andika namba zote nne moja moja kwenye kanzidata yoyote unayotaka kuipima. Fanya hivyo hivyo kwa NGC 6 na NGC 20, au NGC 4884 na NGC 4889 ile kubwa ya kundi la galaksi la Coma. Kanzidata inayokupeleka mahali pawili imejionyesha udhaifu wake.

Udhaifu wa SIMBAD kwa kazi hii ni kwamba inakupa jibu bila sababu. Inasema namba fulani ni galaksi fulani, na basi. Hujui nani aliamua, wala kama kuna anayepinga. Kwa NGC 7000, nebula kubwa isiyo na ubishi, hilo halina madhara. Kwa namba ya Swift iliyozungukwa na galaksi tano hafifu, ni tatizo kubwa.

NED ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa kuamua. Harold Corwin, ambaye amefanya kazi kubwa kuliko karibu mtu yeyote ya kurudi kwenye daftari za wagunduzi na kulinganisha namba moja moja na picha, alikuwa miongoni mwa watu wa IPAC, na athari yake inaonekana. Kwenye ukurasa wa galaksi utafute sehemu ya maelezo mafupi muhimu. Kwa namba zenye mgogoro mara nyingi ndiyo inayokuonya kwamba utambulisho una shaka au kwamba jina limewahi kutumiwa kwa galaksi nyingine. Usiishie hapo. Jedwali la Wolfgang Steinicke, mtafiti wa historia ya NGC, na maelezo ya Corwin mwenyewe vinapatikana bure mtandaoni, na vinaeleza nani aliona nini, lini, na kosa liliingiaje. Vikikubaliana na maelezo ya Dreyer na picha yako, funga kesi.

Kwa kutafuta kwa nafasi kwenye NED, anza na nusu kipenyo cha dakika 5 za tao. Ukiweka 30 utapata maelfu ya vitu, vingi vikiwa nukta za magnitudi 20 na zaidi kutoka upimaji wa kidijitali, na galaksi yako itazama humo. NED pia hutoa kasi ambayo galaksi inakwenda mbali nasi, na kwa kuwa kasi kubwa zaidi humaanisha umbali mkubwa zaidi, huondoa dhana nyingi za ujirani. Kwenye galaksi tano za Stephan, zilizogunduliwa miaka ya 1870, NGC 7320 ina kasi ya karibu kilomita 790 kwa sekunde, ilhali NGC 7319 ina karibu 6,700: ya kwanza iko mbele sana, imepangana nazo tu machoni. NGC 1 na NGC 2 nazo si jirani, kwani kasi zao zinatofautiana kwa takriban kilomita 3,000 kwa sekunde. Kwa utambulisho wa namba, hata hivyo, kasi haisaidii. Mgunduzi hakuijua.

Jambo ambalo NED na SIMBAD zote hulifanya vibaya kwa mtazamaji ni mwangaza. Magnitudi utakayoikuta mara nyingi ni B, ya mwanga wa bluu. Jicho liko karibu zaidi na V, ya mwanga wa kijani na manjano. Galaksi ya duaradufu yenye B 14.5 ina V ya karibu 13.5, na ya mzunguko (yenye mikono iliyojiviringisha) huwa na tofauti ndogo zaidi ya hapo. Wengi wameacha kutafuta galaksi inayoonekana kabisa kwa sababu ya namba hiyo. Halafu mwangaza wa jumla hausemi umetawanyika juu ya eneo gani. Chukua magnitudi, jumlisha 2.5 mara logi ya eneo kwa dakika za tao za mraba. Galaksi ya magnitudi 13 yenye upana wa dakika moja inatoka na 12.7 kwa kila dakika ya mraba, na darubini ya sentimita 25 chini ya anga jeusi inaitoa vizuri. Nyingine ya magnitudi 13 hiyo hiyo yenye upana wa dakika nne inatoka na karibu 15.7, na hiyo unaweza kuikosa kabisa ukiwa umeitazama moja kwa moja.

Kama nyongeza, kitazamaji cha picha cha Legacy Surveys, upimaji wa anga wa kidijitali, kina picha kali kuliko DSS kwa mbali, kwa zaidi ya digrii 20,000 za mraba katika toleo lake la kumi. Ukitaka kujua kama nukta fulani ni nyota au galaksi ndogo, nenda huko. Usianzie huko: picha zake ni za kina mno kwa kazi ya kutafuta, na maeneo karibu na Njia Nyeupe hayamo. Pan-STARRS, upimaji mwingine wa aina hiyo unaopatikana ndani ya Aladin Lite, inashika anga lote la kaskazini mwa deklinesheni -30°.

Kwa watazamaji wa Afrika Mashariki kuna neema ambayo waliotengeneza orodha hii hawakuwa nayo. Kutoka Nairobi galaksi za Stephan hupanda hadi digrii 55 juu ya upeo upande wa kaskazini, na NGC 1399 ya kundi la galaksi la Tanuri au Fornax hupanda hadi digrii 56 upande wa kusini. Huko Armagh, Dreyer alikofanya kazi, Tanuri karibu haliinuki. Galaksi za Stephan zitafute Oktoba kati ya saa tatu na saa tano usiku, na Tanuri Desemba na Januari. Galaksi za Simba, Mashuke na Batiya zinakuwa juu jioni ya Aprili na Mei, ambapo pwani na sehemu kubwa ya bara kuna masika. Wahi Februari baada ya saa sita usiku, au subiri Juni, uanze mara giza linapoingia, wakati Mashuke bado liko juu kabisa.

Ramani ya kupeleka uwanjani itengeneze kwa DSS2 ya bluu, geuza rangi ili nyota ziwe nyeusi juu ya nyeupe, na uchapishe mbili kwa kila galaksi: moja ya digrii moja, nyingine ya dakika 15 za tao. Darubini ya lenzi au ya Cassegrain yenye kioo cha kona hugeuza kushoto kuwa kulia; darubini ya Newton huizungusha picha tu bila kuigeuza. Ramani ikiwa imegeuzwa vibaya, nyota mbili za Dreyer zitakaa upande usio wake na utakataa galaksi iliyo sahihi. Ili kujua magharibi iko wapi, zima mota au acha kuisukuma darubini: upande ambako nyota zinatoka nje ya uwanja ndio magharibi, ndio p ya Dreyer. Chora nyota nne au tano na mahali ulipoona ukungu kabla ya kuitazama picha tena.

Alama zetu kwa kazi hii: Aladin Lite 9 kati ya 10, NED 8, SIMBAD 6. SIMBAD ingepanda ikiwa kila namba ya NGC na IC yenye shaka ingewekewa mstari mmoja wa kueleza shaka hiyo.

CDS na IPAC zote hupokea taarifa za makosa kupitia kurasa zao. Ukituma, weka namba ya NGC, nafasi ya 1860 na ya 2000, jina la mgunduzi, maelezo ya Dreyer kama yalivyo, galaksi unayoipendekeza pamoja na majiranukta yake, na nyota ipi ya picha inalingana na ipi ya maelezo. Ambatisha picha ya DSS2 ya uwanja wa dakika 15 yenye alama za nyota hizo.